Naomba ushauri: EPIRB (kifaa cha kurusha ishara ya dharura baharini) ya boti iliyotumika, bado ina jina la mmiliki wa zamani

Habari zenu wakuu. Nimenunua boti iliyotumika, ndani nimekuta EPIRB ya megahezi 406. Nijuavyo, setilaiti za Cospas-Sarsat, mfumo wa kimataifa wa utafutaji na uokoaji, hunasa ishara yake pamoja na namba ya utambulisho, kisha waokoaji humtafuta mmiliki kwa simu iliyosajiliwa. Hapo ndipo roho yangu haitulii: usajili bado ni wa aliyeniuzia. Nikipata ajali atapigiwa yeye, aseme yuko salama nyumbani, na muda unapotea! Betri nayo imepitwa na tarehe, wakati inapaswa kurusha ishara angalau saa 48. Nibadilishe betri, au ninunue kingine chenye GPS? Na usajili nauhamishaje? Huwa natoka na wanangu, tafadhali nisaidieni.