Miti ya bustani kukatwa kupisha uwanja wa mpira: waliowahi kupambana, tupeane uzoefu

Kivuli cha Mchana
Wadau, salaam. Juzi asubuhi nimepita bustanini nikakuta miti imepigwa alama nyekundu, kumi na saba kwa hesabu yangu. Kumbe umepitishwa mpango wa kujenga uwanja. Wanangu wawili wanacheza mpira, kwa hiyo uwanja nautaka. Lakini miti ile nimezaliwa nimeikuta, na chini yake ndipo mama yangu anapumzika kila akitoka kliniki. Nimelia njia nzima.

Jumamosi tunakutana majirani. Kama yamewahi kuwakuta, simulieni: kipi kilisaidia, kipi kiliwapotezea muda?

Beki wa Zamani
Pole sana. Mimi nilikuwa upande ule mwingine, kocha wa watoto, na nilikuwa nimeshaapa kwamba uwanja lazima. Aliyenigeuza ni mzee mmoja aliyekuja mkutanoni na kamba ya kupimia. Akaniuliza vijana wangu wana umri gani. Nikamwambia miaka tisa. Akasema, "Mwalimu, basi mbona umeomba uwanja wa watu wazima?"

Alikuwa na haki. Tulikuwa tumeomba mita 105 kwa 68, yaani mita za mraba 7,140 kabla hujahesabu nafasi ya pembeni. Watoto wa umri ule wanacheza saba kwa saba, na mita 55 kwa 37 hivi zinawatosha, chini ya theluthi ya eneo lile. Tukatoka naye, akapima mbele yetu kwenye sehemu ya wazi, ukaingia. Mti uliokuwa njiani ni mmoja tu, nao ulishaoza katikati. Angekuja kunitukana kwamba nachukia mazingira, ningekaza shingo hadi leo.

Jirani wa Lango la Pili
Kwetu tulishindwa kwa uzembe wetu. Tulikusanya saini zaidi ya mia tisa, mvua na jua, nyumba kwa nyumba. Tukazipeleka siku mbili baada ya muda wa kutoa maoni kufungwa. Hazikupokelewa. Ulizeni tarehe ya mwisho KABLA ya kuchapa karatasi hata moja. Bado inaniuma.

Mama Pacha
Mimi naomba mnisikilize kwenye hili, maana watu wengi hupumua wakiambiwa "miti itabaki". Yetu ilibaki. Greda likakwangua udongo hadi karibu na mashina, malori yakawa yanaegeshwa kivulini miezi minne. Hakuna tawi lililoguswa, tukashangilia.

Mwaka wa pili vilele vikaanza kukauka. Mwaka wa tatu wakaja na misumeno, safari hii kwa sababu ya usalama wa wapita njia, na kweli ilikuwa imekufa. Baadaye ndipo nikaelimishwa: sehemu kubwa ya mizizi inayonyonya maji iko juu juu, sentimita 60 za kwanza hivi, tena inatambaa mbali kupita matawi yanapoishia. Udongo ukishindiliwa na magari, hewa haipiti na maji hayazami. Mti unakufa polepole, na mkandarasi keshalipwa, keshaondoka.

Kwa hiyo daini uzio ujengwe kabla mashine ya kwanza haijaingia. Uingereza wana kipimo kinachotumika kwenye ujenzi: chukua unene wa shina (kipenyo, si mzunguko wake), zidisha mara 12, huo ndio umbali wa kuuacha mti kila upande. Shina la sentimita 50 linataka mita 6. Msikubali utepe wa plastiki, madereva wanaukata.

Msomaji Mkimya
Nachangia kidogo. Mwaka 1989, Wangari Maathai alipopinga jengo la ghorofa 60 ndani ya Uhuru Park, Nairobi, alianza na barua. Aliwaandikia wenye mamlaka nchini na mashirika ya nje, akatukanwa hadi bungeni, akaendelea kuandika. Wafadhili wakajitoa, mradi ukafa. Andikeni, na kila barua mbaki na nakala yenye mhuri wa kupokelewa.

Halafu ulizeni kama ni nyasi za kawaida au bandia. Bandia hupata joto kali sana juani, na kivuli ndicho hicho kinachotaka kukatwa.

Kivuli cha Mchana
Asanteni mno, nimesoma kila neno. Mama Pacha, sikuwahi kufikiria mizizi hata kidogo, na kwenye ule mpango sijaona popote uzio ukitajwa. Kesho asubuhi nakwenda kuomba mchoro wenye vipimo na kuuliza tarehe ya mwisho ya maoni. Mwalimu wa timu ya wanangu nimemwalika Jumamosi, amekubali kuja.

Beki wa Zamani, ile kamba ilikuwa ya mita ngapi?

Beki wa Zamani
Hamsini. Nendeni watatu: wawili washike ncha, mmoja aandike. Na mwalimu ashike ncha moja yeye mwenyewe.