Mrejesho: vifaranga wa gapi waliokuwa wanatoweka

Habari zenu wadau. Miezi miwili iliyopita niliuliza kwa nini vifaranga wa gapi wangu (samaki wadogo wa mapambo) wanatoweka saa chache baada ya kuzaliwa. Mkaniambia wazi kwamba wanaliwa na wakubwa, hata mama yao mwenyewe.

Nilianza na ushauri wenu wa kuweka mimea ili vifaranga wajifiche. Kile kiboksi cha kumtenga jike wakati wa kuzaa nilikiacha, jike alikuwa anahangaika sana humo. Nikajaza kona moja ya tangi mimea inayoelea. Jike alipozaa, kesho yake nilihesabu vifaranga 23 wamejificha kwenye mizizi! Nikawahamishia tangi la lita 20 lenye chujio la sponji, maana chujio la zamani lingewavuta ndani.

Nilipokosea ni kwenye chakula. Niliwapa kiini cha yai la kuchemsha, nikazidisha, maji yakawa meupe na kuanza kunuka. Wakafa 9. Iliniuma sana. Uliyenionya niweke kiasi cha ncha ya kijiti ulikuwa sahihi, naomba radhi sikukusikiliza.

Tangu hapo nawapa chakula cha wakubwa nilichosaga kuwa unga laini, kidogo kidogo mara 3 kwa siku, na robo ya maji nabadilisha kila baada ya siku mbili. Hao 14 wana wiki 5 sasa. Madume wameanza kuonyesha rangi mkiani, nimeshawatenga na majike.

Asanteni sana, wote mlionijibu.