Bajeti ya mji Winooski, Vermont: mpangaji mwenye green card anaingia wapi?

Swali, kutoka kwa Jirani_wa_Mto

Habari za humu, wakubwa zangu shikamooni. Ilani ya Siku ya Mkutano wa Mji (siku wakazi wanapopigia kura bajeti) imetoka: bajeti ya mji, bajeti ya shule, na ombi la mkopo la kiasi "kisichozidi" dola kadhaa. Nyumbani wote tuna green card (kibali cha ukazi wa kudumu), hakuna raia bado. Naomba kuelewa haya. Kweli tunaruhusiwa kupiga kura? Je, kuna namna ya kupunguza au kuongeza kitu ndani ya bajeti, au ni ndiyo na hapana tu? Mwenye nyumba amebandika karatasi kwamba bajeti ya shule ikipita, pango litapanda. Hesabu hiyo ni ya kweli? La mwisho: shemeji yangu anaishi mji mdogo wa mbali kidogo, kule wanainua mikono ukumbini. Kwa nini kwetu si hivyo?

Jibu la 1, Karani_Mstaafu

Ndugu Jirani, nianze na bajeti, kwa sababu wengi wanafika wamechelewa bila kujua.

Winooski bajeti inapigiwa kura ya siri kwenye karatasi, ile ambayo Vermont huitwa "kura ya Australia". Karatasi ikishachapwa, hakuna anayeweza kubadilisha hata dola moja. Ni ndiyo au hapana kwa bajeti nzima. Kwa hiyo nafasi ya kusema "ongezeni taa mtaa fulani" au "punguzeni hapa" inakuja kabla, Desemba na Januari, wakati baraza na bodi ya shule wanapitia rasimu idara kwa idara. Sheria ya jimbo inataka ilani ibandikwe kati ya siku 40 na 30 kabla ya mkutano, na mkutano ni Jumanne ya kwanza ya Machi. Hesabu kurudi nyuma: mwishoni mwa Januari mlango umefungwa.

Vikao hivyo viko wazi kwa kila mtu, awe raia au la, awe na nyumba au mpangaji. Ajenda ya kikao cha kawaida lazima itolewe angalau saa 48 kabla, na lazima umma upewe nafasi ya kuzungumza. Dakika ni chache, hivyo nenda na jambo moja lenye ukurasa na mstari wake: "ukurasa wa 14, matengenezo ya njia za miguu, mwaka jana ilikuwa kiasi hiki, mwaka huu kimepungua, kwa nini?" Swali la namna hiyo linaandikwa kwenye kumbukumbu na linajibiwa. Lawama ya jumla kwamba kodi ni kubwa husikilizwa kwa adabu, kisha kikao kinaendelea.

Kuhusu mkopo, "kisichozidi" ni kikomo, si lazima zote zikopwe. Uliza mambo mawili: miaka mingapi ya kulipa, na riba jumla itakuwa kiasi gani. Karatasi ya kura mara nyingi haisemi riba. Utaambiwa kwenye kikao cha maelezo kinachofanyika ndani ya siku 10 kabla ya kura.

Jibu la 2, Mama_Neema

Mdogo wangu, hili la kura lisome mara mbili.

Ndiyo, Winooski inaruhusu wakazi wasio raia wanaoishi nchini kihalali kupiga kura za mji na shule. Winooski na Montpelier, mji mkuu wa jimbo, zilipata ruhusa hiyo 2021. Gavana alikataa kutia saini, bunge la jimbo likampiku. Burlington ikafuata 2023, na mahakama ya juu kabisa ya Vermont imeshaamua kuwa katiba ya jimbo haizuii. Lakini ruhusa ni ya mambo ya mji tu. Rais, seneta, gavana, mbunge wa jimbo: hapana. Kwa sababu hiyo kuna daftari la pekee na karatasi ya kura ya pekee.

Makosa yanatokea kwenye fomu. Mtu anachukua fomu ya kawaida ya jimbo, au anajiandikisha kwenye mtandao wa jimbo, au anaulizwa DMV (ofisi ya leseni za udereva) akiwa anahuisha leseni, anatia alama penye "mimi ni raia". Kudai uraia usio nao ni kosa zito la uhamiaji, na linaweza kukufukuzisha nchini hata kama hukukusudia. Nenda kwa karani wa mji mwenyewe, sema wazi "mimi si raia, nataka fomu ya wakazi wasio raia". Ukiulizwa DMV kama unataka kuandikishwa, kataa.

Pia fomu ya kuomba uraia, N-400, inauliza kama umewahi kujiandikisha au kupiga kura. Weka nakala ya fomu uliyojaza kwa karani na nakala ya kifungu cha katiba ya mji (charter) kinachokuruhusu. Na ujue daftari la wapiga kura ni kumbukumbu ya umma. Mwenye kesi ya uhamiaji inayoendelea, au aliyekaribia kuomba uraia, azungumze kwanza na mwanasheria wa uhamiaji. Kusubiri mwaka mmoja si aibu, na kwenye vikao vya bajeti bado utasikika.

Asiyesoma Kiingereza anaweza kuingia na msaidizi anayemchagua yeye mwenyewe, ilimradi si mwajiri wake wala afisa wa chama chake cha wafanyakazi. Ukipiga kura ukiwa nyumbani, saini bahasha ya cheti, ile unayotia karatasi ya kura. Isiyo na saini haihesabiwi. Na ifike kabla ya saa 1 jioni siku ya kura. Kuiweka posta siku hiyo ni kuipoteza.

Jibu la 3, Hesabu_Kwanza

Karatasi ya mwenye nyumba inachanganya kodi mbili.

Kodi ya majengo ina sehemu ya mji na sehemu ya elimu. Sehemu ya elimu ina viwango viwili: cha mwenye kuishi ndani ya nyumba yake, na cha majengo mengine yote, pamoja na ya kupangisha. Kiwango cha kwanza hufuata matumizi ya shule ya mji wenu kwa kila mwanafunzi. Cha pili hupangwa na jimbo, kimoja kwa jimbo zima, kisha hurekebishwa kulingana na tathmini ya majengo ya kila mji. Kwa hiyo jengo la kupangisha halipandi moja kwa moja kwa sababu Winooski imepitisha bajeti yake ya shule. Linaguswa na jumla ya bajeti za Vermont nzima, ambamo mji wenu ni tone.

Bajeti ya mji na mkopo ndiyo inayomgusa. Piga hesabu: kiwango hutajwa kwa kila dola 100 za thamani. Jengo la kaya tatu lenye thamani ya dola 600,000, kiwango kikipanda senti 5, ni dola 300 kwa mwaka. Gawanya kwa kaya tatu na miezi 12: dola 8 na senti kidogo kwa mwezi. Mtu akiongeza pango dola 100 kwa mwezi akataja kodi, muonyeshe hesabu hii.

Jambo jingine: bajeti ya shule ikipanda asilimia 6 haina maana kiwango cha kodi kinapanda asilimia 6. Tangu sheria ya 2022 (Act 127), mwanafunzi anayejifunza Kiingereza na yule wa familia yenye kipato kidogo wanahesabiwa kwa uzito mkubwa zaidi, kama zaidi ya mwanafunzi mmoja. Shule yenye watoto wetu wengi inanufaika na hesabu hiyo.

Jirani_wa_Mto

Asanteni sana. Na bajeti ya shule ikikataliwa, shule inafungwa?

Jibu la 4, Karani_Mstaafu

Haifungwi. Machi 2024 karibu theluthi moja ya bajeti za shule Vermont zilikataliwa. Bodi inakata, inatoa ilani mpya, mnapiga tena, hata mara ya tatu. Ikifika Julai 1 bila bajeti, shule inaweza kukopa hadi asilimia 87 ya bajeti iliyopita. Hiyo 13 iliyobaki inaweza kuwagusa walimu wasaidizi na wakalimani. Kura ya marudio huwa na watu wachache mno, basi weka tarehe yake ukutani.

Sasa shemeji. Mji wake umebaki na mkutano wa ukumbini. Kila mji huamua wenyewe kwa kura. Kule bajeti inabadilishwa palepale: mtu anasimama, anataja kiasi kipya kwa tarakimu, mwingine anaunga mkono, wanajadili, wanapiga kura ya marekebisho kwanza, halafu ya hoja yenyewe. Wengi hukosea hapa: wanapiga "ndiyo" kwa marekebisho wakidhani wamemaliza. Akitilia shaka kelele za ndiyo na siyo, aombe mara hiyohiyo watu wahesabiwe. Wapiga kura saba wakiomba, inakuwa kura ya karatasi, na hii inamsaidia asiyetaka jirani au bosi aone mkono wake. Kama hayumo kwenye daftari, hawezi kuzungumza mpaka theluthi mbili ya wapiga kura waliopo wakubali. Amwombe mwenyekiti wa mkutano kabla ya kuanza.

Akitaka fedha za kituo cha chakula au madarasa ya Kiingereza, asisubiri kipengele cha "mengineyo" mwishoni. Lolote linalopitishwa pale halina nguvu. Ombi lipelekwe kwa karani siku 47 kabla, na saini za asilimia 5 ya walioandikishwa. Mji wenye 2,400 kwenye daftari unahitaji 120. Akusanye 150, maana karani atafuta za wasioandikishwa, zisizosomeka na zilizorudiwa. Ninyi Winooski mna katiba yenu ya mji, namba zinaweza kutofautiana, mpigie karani wenu kabla hujachapa fomu.