Nani alimuua Mwanamfalme Mustafa: Hürrem, au baba yake mzazi?

MLETA MADA

Wadau, nimemaliza kuitazama upya Muhteşem Yüzyıl, tamthilia ya Kituruki ambayo wengi wetu tuliijua kwa jina la Sultan, Süleyman, Sultani wa Dola ya Osmani ya Waturuki, na mkewe Hürrem wakizungumza Kiswahili sebuleni kwetu. Sehemu 139, zilizorushwa Uturuki kuanzia 2011 hadi 2014. Nyumbani kwetu hukumu ilishatoka siku nyingi: Hürrem ni nyoka, ndiye aliyemmaliza Mustafa, mwana wa Süleyman. Mama hamtaji hata kwa jina, humwita "yule mwanamke". Mimi nampinga mama, na ninyi mnaosema kama yeye nawapinga.

Tuanze na sheria ya nyumba ile. Mehmed wa Pili, aliyeiteka Konstantinopoli mwaka 1453, aliacha kanuni kwamba mwana atakayekalia kiti anaruhusiwa kuwaua ndugu zake ili dola isigawanyike. Na ilitumika. Selim, babake Süleyman, aliwaondoa kaka zake Ahmed na Korkut. Mwaka 1595 Mehmed wa Tatu aliwanyonga ndugu zake 19, wengine watoto wadogo. Sasa Mustafa alikuwa mwana wa Mahidevran, suria mwingine wa Süleyman, na alikuwa mkubwa kuliko wana wote wa Hürrem, na jeshi lilimpenda. Siku anayotawazwa yeye, wana wa Hürrem wanakatiwa sanda. Mama gani angepata usingizi? Mkiniambia alitaka madaraka, nitawauliza: bila hayo madaraka, usalama wa watoto wake angeupata wapi?

Halafu ile pete ya zumaridi. Süleyman wa historia alijifunza usonara ujanani, na tamthilia imeitumia vizuri habari hiyo: tunamwona ameinama mezani akiitengeneza pete kwa mikono yake. Mahidevran anadhani ni yake. Inaishia kidoleni mwa Hürrem. Wengi huisoma kama kombe la mshindi. Mimi namwangalia binti aliyetekwa, aliyenyang'anywa wazazi, dini na hata jina. Alikuwa Aleksandra, "Hürrem", yaani mwenye furaha, ni jina alilopewa na bwana wake kwa sababu alimfurahisha. Kila alichokuwa nacho kilichukuliwa, kisha akavishwa kitu kimoja na mtu yuleyule anayeweza kukivua. Ndiyo maana anaing'ang'ania vile.

Karibuni.

MCHANGIAJI WA KWANZA

Kaka, umeongea kwa uchungu na nimekuelewa, ila umeizungumzia pete ukauruka muhuri. Kwenye tamthilia kambi ya Hürrem, mkwewe Rüstem Pasha akiwemo, inaghushi muhuri wa Mustafa na kuandika barua kwa Shah wa Uajemi kana kwamba Mustafa anamsaliti baba yake. Hapo hofu ya mama imeshavuka mpaka. Muhuri ni kauli ya mtu. Aliyenyang'anywa jina lake mwenyewe ndiye anayeliiba jina la mwingine ili amuue nalo. Waandishi waliiweka pete mwanzoni na muhuri mwishoni makusudi, tumpime huyu mwanamke amefika wapi.

Na hiyo sheria unayomkingia nayo kifua, mbona desturi nyingine alizivunja? Suria akishazaa mwana mmoja alitakiwa aachane na kitanda cha Sultani, amlee mwanawe na baadaye aende naye mkoani. Hürrem alizaa wana watano. Suria hakuolewa na Sultani. Yeye alifungishwa ndoa. Mwanamke aliyeweza kumbadilisha Süleyman mambo mawili mazito hivyo hakuwahi kumwomba la tatu, kwamba damu ya ndugu isimwagwe tena. Angeomba, wana wa wote wawili wangepona. Hakuomba kwa sababu sheria ile ilimfaa, almuradi iwapige wa mwenzake.

Mustafa aliingia hemani mwa baba yake kule Ereğli, Oktoba 1553, kwa sababu aliamini baba hamuui mwana asiye na kosa. Mimi siwezi kulisahau pazia lile, mtoto upande huu ananyongwa, baba upande wa pili anasikia.

MLETA MADA

Dada, la muhuri nimelikubali. Sina utetezi, na nimekosea kuliruka.

Ila hilo pazia ndilo linalonipa hoja yangu. Nyuma ya pazia amekaa nani? Hürrem yuko mbali. Kalenda inasema zaidi: Hürrem alikufa mwaka 1558. Mwaka uliofuata wanawe wawili, Selim na Bayezid, walipigana vitani karibu na Konya. Bayezid akashindwa, akakimbilia Uajemi. Mwaka 1561 Süleyman alimlipa Shah dhahabu, Bayezid akanyongwa pamoja na wanawe. Hürrem alikuwa kaburini miaka 3. Huyo naye nani alimnong'oneza baba yake?

Rudi nyuma, mwaka 1536, kwa Ibrahim Pasha, waziri mkuu wa Süleyman. Kwenye tamthilia Süleyman amemwapia rafiki yake kwamba maadamu yeye yu hai hatamuua. Akaitafutia kiapo mlango wa nyuma: aliyelala amekaribia kufa, basi auawe Sultani akiwa usingizini. Wanakula futari pamoja, usiku wanyongaji wanaingia. Mtu anayekipekua kiapo chake mwenyewe namna hii hakuhitaji mwanamke wa kumfundisha. Hürrem alichochea, sawa. Moto ulikuwa wa Süleyman.

MCHANGIAJI WA PILI

Wanangu, mimi ni wa Unguja, na mambo ya nyumba za masuria kwetu si hadithi ya mbali. Sayyida Salme, binti wa Sayyid Said, mama yake aliitwa Jilfidan, Mcherkesi, mtu wa Kaukazi, aliyetekwa utotoni. Said alipofariki mwaka 1856 wanawe waligombana kama hao wa Istanbul. Mwaka 1859 Barghash alimwasi nduguye Majid, na Salme, msichana wa miaka 15, ndiye aliyekuwa akiwaandikia waasi barua. Fitina zote mnazoziona kwenye tamthilia zilikuwapo. Lakini Barghash aliposhindwa alipelekwa Bombay, akarudi, na mwaka 1870 akatawala. Haikuwapo kanuni ya kumnyonga.

Kwa hiyo namwelewa kijana anaposema sheria ndiyo iliyowaharibu. Lakini hata Salme hakuiweka kando sehemu yake. Kumbukumbu alizochapisha Ujerumani mwaka 1886 zinalitaja kosa hilo la ujanani, na anajuta.

MCHANGIAJI WA KWANZA

Asante, mzee wangu. Majuto hayo ndiyo niliyoyatafuta kwa Hürrem, sikuyaona ya kutosha.

Nami niulize, maana mmebishana juu ya Sultani na mkewe tu: Mahidevran je? Baada ya Mustafa kuuawa aliishi Bursa, akakosa hata kodi ya nyumba, watumishi wake wakidhihakiwa sokoni. Alikufa mwaka 1581, amezikwa kando ya mwanawe. Tamthilia ilipoonyesha mauaji yale, mwaka 2014, Waturuki walimiminika Bursa kwenye kaburi la Mustafa kumwombea dua. Kaburi hilo lilijengwa kwa amri ya Selim wa Pili, mwana wa Hürrem.

Selim alifanya vile kwa huruma, au alikuwa analipa deni la mama yake? Nijibuni hilo.