Dawa ya benzhexoli au levodopa kwa mzee mwenye ugonjwa wa Parkinson (wa kutetemeka)?

Kijana wa Machame: Wakuu, baba ana miaka 74. Mkono wa kulia unatetemeka hadi chai inamwagikia kwenye sahani, na vifungo vya shati vinamshinda. Alianzishiwa benzhexoli. Kutetemeka kumepungua, ila mdomo unamkauka na usiku anaongea na watu ambao hawapo! Jirani anasema levodopa ni bora lakini "huisha nguvu", tuiweke akiba. Kweli?

Mangi Mdogo: Pole mkuu. Hao wageni wa usiku huenda wanaletwa na benzhexoli, wazee huwavuruga akili. Mrudishe kwa daktari upesi, ila msiikatishe ghafla.

Mama Eli, Moshi: Levodopa haiishi nguvu, mwanangu. Ugonjwa ndio unaosonga, dozi zikaja kukaribiana. Mama yangu anameza ile yenye carbidopa, inayosaidia levodopa ifike kwenye ubongo, sasa vifungo anafunga mwenyewe. Asimeze pamoja na nyama wala maziwa, protini huizuia kufyonzwa. Sisi tunampa nusu saa kabla ya mtori.

Kijana wa Machame: Asante mama, shikamoo. Na mbegu za upupu?

Mama Eli, Moshi: Marahaba. Levodopa imo kweli, lakini kiasi gani kwa kila mbegu? Achana nazo.