Naomba ushauri: F♯ inagombana na Dm7 kwenye gitaa, niiwekee kodi gani mbadala?

NyuziSita (mwanzisha uzi)

Shikamooni wakubwa, na wenzangu habari za leo.

Nimepiga gitaa kwa miaka 11, mingi kati ya hiyo nikiwa mpiga ridhimu katika bendi ya dansi. Sasa ni mwaka na nusu tangu nijitose kwenye jazi ya Kimarekani pamoja na mpiga besi na mpiga dramu. Ninachokitafuta ni kupiga melodi na kodi (nota kadhaa zinazolia kwa wakati mmoja) kwa pamoja, melodi ikiwa juu na kodi ikiibeba kwa chini. Nimetunga wimbo wa polepole, mapigo 66 kwa dakika, katika ki ya C, na nimekwama kwenye vipimo viwili ambavyo melodi yake inateremka kwa nusu toni karibu njia nzima, kila pigo nota moja:

Kipimo cha kwanza, Dm7: A, A♭, G, F♯
Kipimo cha pili, G7: F, E, E♭, D
Kipimo cha tatu: C, inayodumu mapigo manne

Kodi naziandika kwa namba za freti kuanzia uzi mnene hadi mwembamba, na x ni uzi usiopigwa. Dm7 naishika xx3535. Nikiacha vidole vingine palepale na kuteremsha uzi wa kwanza peke yake, napata xx3534, kisha xx3533, na mpaka hapo sikio langu limeridhika kabisa. Nikifika F♯, yaani xx3532, kodi inageuka kuwa kelele. Nilisoma kwamba kodi ya saba inaweza kubadilishwa na nyingine iliyo umbali wa tritoni (toni tatu), basi nikaipa kila nota yenye alama ya ♯ au ♭ kodi yake mbadala. Matokeo yake mkono unakimbia huku na huku, na mpiga besi wetu, ambaye si mtu wa kulalamika ovyo, ameniambia kwamba hajui tena wimbo umefika wapi.

Naomba mnisaidie: F♯ ikae juu ya kodi gani, na je, nota zote za kromatiki (zilizo nje ya skeli ya C) zinahitaji kodi mbadala?

MwalimuWaKwaya

Marahaba, mwanangu. Umeeleza vizuri mno, na karibu nusu ya jibu umeshaliandika mwenyewe bila kujua.

Zitazame zile kodi tatu zilizokuridhisha kama unavyotazama sauti nne za kwaya. Chini kuna F, juu yake C, kisha D, na soprano ndiyo inayotembea. Soprano ikiwa A, hiyo ni Dm7. Ikishuka hadi A♭, sauti nne zinakuwa D, F, A♭ na C, ambayo ni Dm7♭5, kodi halali inayopenda kwenda G7. Ikishuka hadi G, unapata Dm7 yenye nota ya kumi na moja. Kwa hiyo A♭ ni nota ya kromatiki, lakini haikuhitaji mbadala wowote. Ilihitaji sauti tatu za chini zitulie tu. Usiiguse.

Kwenye F♯ hali ni tofauti, kwa sababu besi ya kodi yako inaimba F huku soprano ikiimba F♯ oktavu moja na nusu toni juu yake. Moja inasema kodi ni maina, nyingine inasema ni meja, na kwa mwendo wa mapigo 66 sikio lina muda wa kutosha wa kusikia ugomvi huo. Hapo ndipo kodi lazima ibadilike.

Sasa jiulize F♯ inakwenda wapi. Inakwenda F, ambayo ni nota ya saba ya G7, na G7 yenye F juu ni xx0001. Tafuta kodi inayoivuta G7 na yenye F♯ ndani yake. Ya kwanza unaijua tangu wiki yako ya kwanza ya gitaa: D7, xx0212. Ya pili ni mbadala wake wa tritoni, A♭7, xx1112. Zishike moja baada ya nyingine na utazame mkono wako: uzi wa pili uko freti ya kwanza katika zote mbili, nao uzi wa kwanza uko freti ya pili katika zote mbili. Hizo ni C na F♯, ambayo katika A♭7 tunaiandika G♭, na kati yao kuna toni tatu kamili. Nyuzi mbili za chini ndizo zinazobadilika, D ikipanda kuwa E♭ na A ikishuka kuwa A♭. Watu husoma habari za mbadala wa tritoni kwa miezi mingi kwenye karatasi, kumbe gitaa linawaonyesha kwa vidole viwili visivyosogea.

Mimi ningechagua A♭7, kwa sababu kutoka hapo kila sauti inateremka freti moja tu na umeshafika G7. D7 nayo ni sahihi, lakini ina mwanga zaidi, na melodi inayoshuka hivi mimi naisikia ikitaka kivuli.

Tritoni_Mwanza

Naunga mkono hoja ya mwalimu, nami niongeze kuhusu kipimo cha pili, kwa sababu mwanzisha uzi atakutana na tatizo la gitaa lenyewe na si la nadharia. Uzi wa kwanza unaishia E ukiwa wazi, hivyo E♭ na D lazima zihamie uzi wa pili. Ukisubiri mpaka E♭ ndipo uhame, utasikika ukijikwaa. Hama kwenye E.

Piga F kwa xx0001, ambayo ina nyuzi tatu wazi, maana yake mkono uko karibu huru kuondoka. Kisha E ipige kwa 3x345x, yaani G13, melodi ikiwa freti ya tano ya uzi wa pili. Inapofuata E♭, acha kidole cha uzi wa nne kwenye freti ya tatu na kile cha uzi wa tatu kwenye freti ya nne, toa besi ya G na weka D♭ kwenye uzi wa tano: x4344x. Hiyo ni D♭9, mbadala wa tritoni wa G7. Nota mbili zilizobaki mahali pake ni F na B, ileile siri aliyoionyesha mwalimu kwa C na F♯. E♭ ndani yake ni nota ya tisa, tamu kabisa, wakati juu ya G7 ingekuwa ile ya kumi na tatu iliyoshushwa nusu toni, ambayo ni kali kidogo. Zote mbili zinafaa, nami napenda ile tamu.

Angalizo ni kwenye D. Ukibaki na D♭9 na kuteremsha soprano peke yake, utapata D juu na D♭ kwenye besi. Wapo wanaoipenda ladha hiyo, lakini kwa wimbo wa polepole mimi ningerudi G7 yenye B kwenye besi, x2303x, kisha C ya mwisho kwa x3221x. Hapo besi yako inaimba D♭, B, C, inaizunguka C kutoka juu na kutoka chini kabla ya kutua. Tena usiweke nota ya saba meja chini ya melodi ya C. B na C zitakwaruzana jirani kwa jirani. Tumia ya sita, kama nilivyoandika.

Kaka_Ridhimu

Ndugu zangu, yote mliyosema ni kweli, lakini naona tunamjengea mwenzetu kodi nane kwa mapigo nane, na hilo ndilo lililomchanganya mpiga besi wake tangu mwanzo. Sisi tuliotoka kwenye dansi tumezoea kazi kugawanywa: solo anaimba, ridhimu anashikilia, besi anaonyesha njia. (Hata neno jazi wengi wetu lilitufikia kupitia majina ya bendi kama Morogoro Jazz na Western Jazz, ambazo muziki wake haukuwa huu wa Marekani.) Anayepiga melodi na kodi kwa pamoja anabeba kazi za wawili, na kishawishi kikubwa ni kuibeba na ya tatu.

Ushauri wangu ni kuuliza kwanza nani anapiga nini. Joe Pass, ambaye mwaka 1973 alirekodi albamu ya gitaa peke yake, alikuwa na uhuru wa kuweka besi yoyote kwa sababu hapakuwa na mtu wa kumpinga. Wewe una mpiga besi. Akitembea D kwenda A katika kipimo cha kwanza nawe uko kwenye A♭7, ile A yake itagongana na A♭ yako, na hakuna nadharia itakayowaokoa. Mwambie abaki D, au ashuke pamoja nawe A♭ kwenda G.

Vilevile msikilize Wes Montgomery, mpiga gitaa mwingine wa jazi: mara nyingi alianza solo kwa nota mojamoja, akaingia kwenye oktavu, na kodi akaziweka mwisho. Kwa hiyo kodi zilipokuja, zilikuwa na uzito. Jaribu kupiga kodi kwenye A, F♯, E♭ na C pekee, nota nyingine zipite zikiwa peke yake.

NyuziSita

Nawashukuru sana. Mwalimu, naomba kuuliza jambo moja zaidi. Kaka anasema mpiga besi anaweza kubaki D huku mimi nikipiga A♭7. Je, hapo hatutakuwa tunapiga kodi mbili tofauti?

MwalimuWaKwaya

Hapana, mwanangu, mtakuwa mnapiga moja. Hesabu kutoka D: A♭ ni ya tano iliyoshushwa, C ni ya saba, E♭ ni ya tisa iliyoshushwa, F♯ ni ya tatu meja. Ni D7 yenye pilipili. Kaka yako amesema kweli kuhusu A, hiyo ndiyo ya kuikwepa.

Na kama mpiga besi hatabiriki, ipo njia ya katikati: xx1212. Ni kodi ya diminishi (nota nne zilizoachana kwa toni moja na nusu) yenye E♭, A, C na F♯. Ukiitazama, imechukua E♭ ya A♭7 na A ya D7, kwa hiyo haigombani na D wala A kwenye besi. Nakuelekeza hapo pia kwa ajili ya nyimbo zako zijazo, kwani kodi za diminishi ni tatu tu kwa sauti, na nota zake zikijumlishwa zinatimia 12, kila moja mara moja. Hakuna nota ya kromatiki utakayokutana nayo isiyokuwa ndani ya mojawapo. Barry Harris, mpiga piano wa Detroit aliyefariki mwaka 2021, alifundisha kwa miongo mingi njia ya kupishanisha kodi ya sita na diminishi kwenye kila hatua ya skeli: C6 ikibeba C, E, G na A, na diminishi ikibeba D, F, A♭ na B. Wapiga gitaa wengi wameichukua, kwa sababu maumbo yake yanasogea shingoni kwa utaratibu.

NyuziSita

Narudi na taarifa. Jana jioni tulipiga vipimo hivyo mara nyingi. A♭7 ilikubali mara moja, na mpiga besi aliamua mwenyewe kushuka A♭ kwenda G bila mimi kumwambia, kwa kuwa sasa anaisikia njia. Kodi nimeziacha kwenye A, F♯, E♭ na C kama alivyoshauri Kaka_Ridhimu, isipokuwa nimeongeza ile x2303x kwenye D, maana besi inayoizunguka C imenishika moyo na siwezi kuiacha. Kuhama kwenda freti ya tano kwenye E bado kunanichelewesha kidogo, kwa hiyo wiki hii nafanya hilo peke yake, kwa mapigo 50, xx0001 kwenda 3x345x.

Tritoni_Mwanza

Vizuri sana. Anza kukisogeza kidole cha uzi wa sita kabla hujaachia F. Nyuzi tatu zilizo wazi zitaendelea kulia na hakuna atakayesikia kwamba umeshaondoka.