Kamera ya babu imegoma kabisa, send-off Jumamosi, msaada wakuu

Kiwavi_Dom: Wakuu habari za jioni. Nina Canon AE-1 ya filamu, kaniachia babu mzaa mama, huyo babu alipiga nayo picha 1973 siku Dodoma ilipotangazwa makao makuu. Sasa nikibonyeza shata kimya, mkono wa kuvutia filamu umekaza, kimshale cha ndani hakichezi. Betri mpya. Jumamosi ni send-off ya dada hapa Area C na nimeshamwahidi picha za kizamani. Matusi pembeni tafadhali.

FundiNkuhungu: Hiyo bila umeme ni jiwe mkuu, shata yake inashikwa na sumaku ya umeme. Inakula betri ya volti 6, ile 4LR44. Fungua kimlango cha mbele, kuna unga wa kijani?

BiZabibu: Send-off na filamu? Ya kwangu fundi picha aliunguza filamu mbili zote, sina hata moja ya kukata keki, na mume mwenyewe nilishaachana naye. Chukua simu mdogo wangu.

Kiwavi_Dom: Unga ulikuwepo, nikakwangua na kisu. Simu sitaki dada.

FundiNkuhungu: Kisu! Haya, na hiyo betri umeipata wapi? Mimi huwa naagiza Kariakoo inakuja na basi.

Kiwavi_Dom: Ni betri ya kawaida tu.

FundiNkuhungu: Ya kawaida ipi? Usinizungushe.

Kiwavi_Dom: Sawa bana. Ile ya mraba ya maiki ya kanisani, volti 9, nikaunga na waya mbili. Kwani 6 na 9 zinapishana nini? Na fundi simu wa Majengo keshafungua juu, nimempa advansi elfu kumi na tano, kesho anapiga bloa ya hewa ya moto abadilishe aisii, kile kidude cheusi cha kwenye saketi, kwahiyo hapo siwezi kurudi nyuma.

Mzee_wa_Makole: Hii chai. AE-1 imetoka 1976, babu aliipata 1973 kwa mganga gani? Subirini, kesho ataleta bei.

Toto_la_Kisasa: Sukari imezidi, leteni maandazi 😂

Kiwavi_Dom: Mwaka kanisimulia mama, mimi sikuwepo. Nyuma ya picha kuna kalamu, 1981 au 1987, saba ya babu inafanana na moja. Siuzi kitu!

FundiNkuhungu: Chai au maziwa, kaichukue kamera kabla hilo bloa halijawaka, mle ndani kuna saketi laini kama karatasi, itajikunja yote. Halafu tafuta betri nne za LR44, kila moja volti 1.5, zipange zikitazama upande mmoja, zizungushie karatasi. Vile vibati vinavyogusa betri pangusa kwa siki kidogo kwenye pamba ya masikio, halafu spiriti, kikikauka sugua na ufutio wa penseli. Bonyeza kitufe cha kupima betri, kimshale cha ndani kikisimama kwenye namba 5.6 (si volti hiyo) au chini yake umeme unafika. Kisipocheza, hiyo 9 yako ndo imeshamaliza kazi.

Mzee_wa_Makole: Fundi naye kaingia kwenye chai na kijiko.

Kiwavi_Dom: Nipo Majengo saa hii. Kibanda kimefungwa, jirani yake anasema kaenda msibani Chamwino na simu haipatikani. Nachungulia kwenye upenyo wa mlango naiona pale mezani, kifuniko upande, skrubu kwenye kisoda.

BiZabibu: Chaji simu mdogo wangu.